Ufunguo Chini ya Kichwa

Jua lilimpiga Ekuru usoni akiwa bado usingizini. Alijikinga kwa mkono, akageukia upande wa pili, kisha akakumbuka kwamba hapo anapolala jua la asubuhi halifiki. Huzuiwa na gari. Aliketi kitandani ghafla. Mbele yake hapakuwa na gari. Palikuwa na ua la miba, kuku wa jirani wakichakura, na kilima cha mbali ambacho hakuwahi kukiona akiwa amelala.

Aliingiza mkono chini ya mto. Ufunguo ulikuwepo, umepata joto la kichwa chake.

"Sally," aliita. "Nani amesongesha gari?"

Mke wake alitokea jikoni na sufuria mkononi. "Asongeshe nani? Si ni wewe uko na ufunguo?"

"Ufunguo niko nayo."

Walitazamana. Kisha wote wawili walitazama chini. Alama za magurudumu zilianza pale kando ya kitanda, zikanyooka hadi kwenye lango, na pembeni yake zilikuwa nyayo za watu waliokuwa wakisukuma. Unyayo mmoja ulipita karibu mno, ukakanyaga kandambili ya Ekuru na kuizamisha mchangani. Sally aliinama akaitoa, akaikung'uta, akaishika tu kama mtu aliyesahau kandambili ni ya nini.

Watu wa Lodwar hulala nje. Nyumba ya mabati hubaki na moto wa mchana mpaka usiku wa manane, na anayelala ndani ama ni mgeni ama ni mgonjwa. Hilo halina ajabu. Ajabu ilikuwa Ekuru, ambaye tangu anunue ile van ya abiria, ya kuwashwa kwa kubonyeza kidude, alisogeza kitanda chake mpaka mlangoni kwa dereva, ili mwizi akitaka kuigusa ampite yeye kwanza. Majirani walimtania kwamba ameoa mke wa pili. Sally alihamisha kitanda chake upande mwingine wa ua, akasema hawezi kugawana mume na tairi. Wote walicheka, Ekuru akicheka kuwashinda. Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka.

Kwenye kituo cha polisi walicheka, lakini hao hawakuwa wenye msiba.

"Ufunguo iko wapi?" aliuliza sajini wa zamu.

Ekuru aliuweka mezani. Sajini aliugeuza, akautazama mgongoni, akaurudisha polepole.

"Gari imeibiwa, na ufunguo ni hii?"

"Ndiyo, afande."

"Kioo haikuvunjwa."

"Hapana, afande. Vipande hakuna."

"Na wewe mwenyewe ulikuwa umelala hapo kando yake."

"Hapo hapo."

"Bwana Ekuru, kwani gari yako ni ngamia? Imesikia wenzake wanaenda malisho ikafuata?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri shida zao wenyewe walipata kicheko cha bure. Mwanamke aliyeporwa simu alicheka. Mzee aliyekuja kwa kesi ya mbuzi alicheka mpaka akakohoa. Ekuru alisimama kofia mkononi, shingo imelowa jasho, akajiona mjinga katika mji aliozaliwa. Mbaya zaidi, alianza kujiuliza kama kweli hakuota, kama hakuiacha gari mahali jana.

"Wengine wanauza gari halafu wanakuja kulia hapa," sajini aliendelea. "Mimi sijasema ni wewe. Nasema wengine."

Sally hakuwa mtu wa kuvumilia mafumbo. Aliipokonya simu kutoka mfukoni mwa mumewe, akaipigia kampuni ya Nairobi iliyowawekea kifaa cha kufuatilia gari, akaweka sauti ya juu na kuilaza simu mezani juu ya kitabu cha matukio. Msichana alipokea kwa sauti laini, akawakaribisha, akawashukuru kwa kupiga.

"Gari lenu naliona," alisema baada ya kuelezwa. "Linatembea. Sir, naomba nikuulize, usiku ulikuwa umelala umbali gani na gari?"

"Karibu. Nikinyoosha mkono nashika mlango."

"Na ufunguo?"

"Chini ya kichwa."

Upande wa pili msichana aligonga vibonye vya kompyuta. "Gari la aina hiyo huwa halingoji ufunguo uingizwe, sir. Likihisi ufunguo uko karibu, linafungua mlango. Na kuna vijana wana kamashine ka kuongezea ule ufunguo nguvu, gari lidhani uko ndani kabisa. Wengine hutafuta nyumba ya ukuta mwembamba, ili nguvu hiyo ipenye. Kwako hata ukuta haukuwepo. Gari lilijua uko hapo. Liliwafungulia wao likidhani ni wewe."

Sajini aliacha kutabasamu. Miezi yote hiyo alikuwa amejilaza pale kama mbwa mlinzi, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mlango. Laiti angelala ndani kama mgeni, gari lingekuwepo.

Sally alimwomba msichana awatumie ramani.

Ramani ilifunguka kwenye simu. Gari lilikuwa kidoti cha bluu. Lilikuwa limekwenda kwanza upande wa Lorugum, likazubaa huko, labda wezi wakitafuta njia ya kupotezea, kisha likarudi, na sasa lilikuwa kwenye lami ya Kakuma likienda mbio. Sajini alitoka nyuma ya meza kuona vizuri. Aliyeporwa simu akasogea. Mzee wa mbuzi naye akasogea, akauliza kama hicho kitu kinaweza kuvalishwa mbuzi. Kituo kikawa kama kibanda cha kuonyesha mpira.

"Twende basi, afande," alisema Ekuru.

"Twende na nini? Landkruza iko. Mafuta ndio haina."

"Mafuta tutaweka sisi," alisema Sally.

"Sasa unaongea. Lakini dereva ametoka kidogo. Ngoja."

Wakangoja. Simu ikalia mara moja, ikakatika. Ramani ilipotea, jina la Mama likatokea kwenye kioo.

Mama Apua, mama yake Ekuru, aliishi kando ya lami, kabla ya kufika Kakuma, na mbuzi wake na simu ndogo isiyokuwa na salio hata siku moja. Alikuwa akiflashi. Simu ikilia mara moja ikakatika, maana yake mama yuko hai na anataka kuongea, na mwanawe atapiga akipata nafasi. Siku nyingine alikuwa na jambo, siku nyingine alitaka kusikia sauti tu. Ekuru hakuwahi kulala bila kumpigia.

"Mpigie," alisema Sally.

"Nimpigie nimwambie nini? Gari imeibiwa nikiwa nimelala kando yake? Pressure yake itapanda. Nitapiga jioni, nikiwa na habari njema."

Lilikuwa jibu la mtoto anayempenda mama yake.

Muda si mrefu mzee wa mbuzi ndiye aliyepiga kelele kwanza. Kidoti kilikuwa kimeacha lami. Kilikuwa kimeingia porini, kabla ya mji wa Kakuma, kikijikongoja kuelekea kaskazini.

"Wanakwepa kizuizi cha polisi," alisema sajini. Sasa alikuwa amechangamka, amesahau ngamia wake. "Wanazunguka Kakuma kwa nyuma. Wakitokea huko mbele ni mpaka. Hiyo gari utaiona tena kwa ndoto. Haiwezi kuzimwa?"

"Tunaweza kulizima kutoka hapa," alisema msichana wa kampuni, ambaye bado alikuwa kwenye laini. "Likizimika halitawaka tena, maana ufunguo mnao nyinyi. Lakini lazima niulize kabla, sir, ni utaratibu wetu. Una uhakika hakuna mtu wenu ndani? Mtoto, abiria, mgonjwa?"

Watu walicheka tena, na safari hii Ekuru alicheka nao. Kicheko kilimtoka kama pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

"Dada, ndani kuna wezi tu. Zima."

"Unathibitisha nilizime?"

"Zima kabisa."

Kidoti kilitambaa kidogo, kikasimama, kikageuka chekundu. Benchi zima likapiga makofi. Aliyeporwa simu alipiga kigelegele kwa niaba ya walioibiwa wote. Sajini alimshika Ekuru bega akamwita ndugu yangu. Wakati huo huo simu ikalia mara moja, ikakatika, na jina la Mama likaziba kile chekundu. Ekuru aliliondoa kwa kidole ili ramani irudi.

Iliita tena baadaye. Na tena. Kisha ikaacha.

Ninyi mnaosoma mmeshajua. Yeye hakujua, na ndiyo maana ya kuwa binadamu ndani ya siku yake mwenyewe.

Dereva wa Landkruza alirudi, mafuta yakawekwa, na sajini akapokea simu kutoka kwa mkubwa wake akaambiwa sehemu ile ni ya Kakuma, wenzao wa huko ndio watakwenda. Waliopigiwa huko walisema gari lao liko kwenye mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi, likirudi litatumwa. Ekuru aliomba. Sally aligomba. Jua lilipanda, likasimama pale katikati ya anga ambapo mbuzi wenyewe hutafuta kivuli cha mawe. Mwishowe walikodi teksi, wakaondoka na simu yao na ufunguo wao. Mafuta yalibaki ndani ya Landkruza ya serikali.

Walipofika mahali kidoti kilipoachia lami, teksi ilikataa mchanga. Kandokando ya barabara walimkuta Lam, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akibeba watu na magunia kwa pikipiki kati ya kambi na vijiji. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mrefu hata akiwa ameketi.

"Ni mbali?" Lam alimuuliza Ekuru, akiitazama ramani.

"Sijui barabara. Hakuna barabara."

"Panda. Pikipiki yangu haisomi barabara."

Sally alibaki kwenye teksi kuwangoja polisi, ambao hata leo nisingependa kusema walifika lini.

Walifuata alama za magurudumu. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mti wa kutaja jina, miba tu na mawe meusi yaliyokuwa yakitoa joto kama meko. Kwa mbali wakamwona mtu anatembea haraka na mtungi wa plastiki begani. Alikuwa mchungaji, akajitambulisha kuwa Ewoi.

"Ejok," Ekuru alimsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok," alijibu Ewoi, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili Lam naye aelewe. "Wewe ni wa hiyo gari?"

"Ni yangu."

"Basi enda haraka. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta maji, kisima iko mbali. Iko mama mzee hapo ndani."

"Mama gani?"

"Mzee. Anasema gari ni ya mtoto yake. Nilimwambia kuja kwa kivuli, kule kwa korongo iko miti. Amekataa. Nilimpa ile maji kidogo nilikuwa nayo. Anasema wale vijana watarudi kuiba."

Lam hakungoja kuambiwa. Alichukua mtungi, akauweka mbele yake, akamwambia Ewoi apande nyuma. Ekuru alikuwa katikati yao, na midomo yake ilikuwa ikisema hapana, hapana, bila sauti. Alikuwa akimwomba Mungu mama huyo awe wa mtu mwingine. Ombi baya kama hilo hakuwahi kuomba maishani.

Gari lilikuwa limeinamia upande mmoja mchangani, milango imeachwa wazi, na kwenye kioo cha mbele maandishi yake mekundu, Ejok Akuj, Mungu ni mwema. Mama Apua hakujua kusoma, lakini maandishi hayo aliyajua kama alama ya mbuzi wake. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma, fimbo ameiweka magotini, shanga zake zimejaa vumbi. Midomo ilikuwa imepasuka. Hakuwa akitoka jasho tena.

"Umechelewa," alisema kwa Kiturkana. "Nimekulindia gari."

Ekuru alimnywesha. Maji mengi yalimwagika kifuani.

"Wale vijana uliowatuma ni wabaya," alisema mama, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ilipozimika walitukanana, wakakimbia. Mmoja alitaka kunishika mkono tuondoke wote, nikampiga fimbo. Nikasema nikitoka mimi, watarudi waje wang'oe magurudumu."

"Mama, mimi sikuwatuma."

"Walisema umewatuma. Nilikuwa barabarani nangoja gari la kliniki, nikaona lako. Nikasimama katikati ya njia na fimbo. Nikawauliza, mwanangu yuko wapi? Wakasema amekuletea gari, ingia. Hapo nikakupigia nikushukuru." Alifumba macho. "Hukunipigia."

Ekuru alimmwagia maji kichwani.

"Ilipozimika nikakupigia tena uje na fundi. Kwani ilizimwa na nini?"

Lam alikuwa amesimama mlangoni, hajui Kiturkana, lakini alimwona Ekuru usoni akageuka kutazama mawe.

"Imeharibika, mama," alisema Ekuru.

Aliingia kwa dereva akabonyeza. Taa ziliwaka, injini ikakaa kimya. Bila shaka. Waliozima ndio wa kuwasha. Alitoa simu, na simu haikuwa na mtandao hata kidogo, maana mtandao wa huko huja na kuondoka upendavyo. Asubuhi ulikuja wakati wa kuzima.

"Huko juu," alisema Ewoi akionyesha mwinuko wa mawe. "Watu wanapigia hapo."

Alikimbia. Mawe yalimteleza, akapanda kwa mikono na magoti. Juu kabisa simu ilitetemeka mkononi mwake, na kabla hajabonyeza kitu, zikaanza kuingia zile arifa za kampuni ya simu, moja nyuma ya nyingine, kumjulisha kwamba alitafutwa na Mama. Hakuzisoma. Akapiga Nairobi.

"Hongera, sir," alisema msichana mwingine, mchangamfu. "Gari limepatikana? Nisubiri kwenye laini nikuhamishie kitengo husika."

Muziki ukaanza kucheza. Ekuru alisimama juu ya mawe, jua likimchoma kisogo, anasikiliza gitaa. Alilia, akapiga kelele ndani ya simu, akatukana, na muziki haukujali. Ulipokatika, mwanamume akamtaka ataje jina kamili na namba ya gari. Kisha akasema injini imefunguliwa, ni furaha yetu kukuhudumia.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Lam aliacha pikipiki yake kwa Ewoi, mtu aliyekutana naye muda mfupi uliopita, akaingia nyuma kumshikilia mama asianguke. Hewa baridi ikaanza kutoka kwenye matundu. Mama Apua aliigeuzia uso.

"Gari lako lina upepo mzuri," alisema.

Walipotokea kwenye lami, Sally alikuwa amesimama nje ya teksi akipunga mkono kwa furaha, maana aliliona gari likija. Alipotazama ndani mkono ulibaki hewani. Aliingia bila kuuliza, akaketi sakafuni, akaishika miguu ya mama mkwe wake. Nyumba za kwanza za Kakuma zilikuwa zimeshaonekana Lam aliposema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Ndugu, sasa endesha pole pole tu. Mama amekwisha pumzika."

Ekuru hakupunguza. Aliendesha vile vile mpaka mlangoni mwa hospitali, akapiga honi mpaka wauguzi wakatoka.

Jioni walikuwa wameketi kwenye ukingo wa saruji nje ya chumba walichompeleka. Lam alikuwa bado pale, hakusema ataondoka lini. Muuguzi alikuwa ameuliza marehemu alikaa kwenye joto kwa muda gani, na Ekuru alikuwa amemwonyesha simu, kwa sababu yote yalikuwa yameandikwa humo, tangu kidoti kilipogeuka chekundu. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Gari lilikuwa mbele yao, taa zake zikimulika kidogo kila alipousogeza, likimtambua.

Simu ikalia. Haikukatika mara moja. Iliendelea kulia, na Sally akaipokea, akaweka sauti ya juu kwa mazoea.

Ilikuwa sauti laini ya asubuhi.

"Sir, nimeona gari limepatikana, nimefurahi sana. Nilitaka nikupigie mwenyewe kabla zamu yangu haijaisha. Ni swali moja tu ndiyo tufunge. Wakati tunalizima, kulikuwa na kitu chochote cha thamani ndani?"

Sally alinyoosha mkono kuikata. Ekuru alimzuia.

"Kulikuwa na mama," alisema.

Walimsikia msichana akivuta pumzi, na nyuma yake wenzake wengi wakiongea na wateja wengine.

"Mama yako yuko salama, sir?"

Ekuru aliutazama ule ufunguo. Akainuka, akatembea mpaka kwenye gari, na mlango ukajifungua kabla hajaugusa.